Mama Flora Ng'washi na Pazia la Chumba Namba Nne

Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, saa tisa na nusu alasiri, Bibi Flora Ng'washi Bundala atakabidhi funguo za Chumba Namba Nne na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na sita na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameidai mwenyewe. Kamati ya maandalizi ilikuwa imeandika miaka thelathini na sita tu, akairudisha karatasi na kusema kwamba aliyeandika hivyo hajawahi kufua mashuka ya wodi ya wazazi kwa miezi miwili.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Paschal Mihayo, kwa sababu nimefanya naye kazi chumba kimoja tangu mwaka 1995, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti wa kamati, mdomo wangu haujui likizo. Nimeambiwa nisizidi kurasa mbili. Mtanisamehe.

Mama Flora alizaliwa Mwamanyili mwaka 1943, mtoto wa tatu kati ya tisa, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba na mpunga. Alisoma hadi darasa la nne. Akaolewa huku Bariadi, na mwezi wa nne mwaka 1967 akaajiriwa hospitalini kama mhudumu. Mwaka 1974 alihamishiwa chumba cha giza cha eksirei, kazi yake ikiwa kusafisha picha na kuzianika. Waliokuwepo wakati ule wanasimulia kwamba alikuwa akitoka mle ndani macho yakiumizwa na jua, picha mkononi ikidondosha maji, na kabla daktari hajaiinua dirishani yeye alikuwa ameshajua ni mfupa gani umevunjika. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akitazama tu, miaka kumi na saba, na kutazama kwake hakukuwa kama kwetu.

Mwaka 1991, nchi ilipokuwa imeanza kufungua milango na bidhaa za kila namna zikifika hadi mnadani kwetu, marafiki wa hospitali walituletea mashine ya ultrasaundi. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, juu ya lori lililojaa mitumba, na wapakuzi nusura walipeleke sanduku hilo sokoni pamoja na makoti. Kwa wasomaji wa idara nyingine, ambao najua mnaona haya kuuliza: mashine hii hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Yanaingia mwilini, yanagonga viungo, yanarudi, na mashine inayageuza kuwa picha kwenye kioo kidogo. Mkononi unashika kifaa chenye unene wa gunzi la mahindi, ambacho sisi tunakiita kichwa, na unakipitisha juu ya ngozi. Hakuna kukata wala kuchoma.

Mtaalamu aliyekuja na mashine alikaa wiki sita na kufundisha watu wanne. Watatu kati yao waliondoka ndani ya miaka miwili kwenda kwenye zahanati za watu binafsi, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa na zilikuwa zikiota Mwanza na Shinyanga kama uyoga. Akabaki Mama Flora, darasa lake la nne, kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Kiingereza, na kamusi aliyoazima parokiani na ambayo, nadhani, parokia imeshaisamehe.

Wakati huo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona televisheni. Habari zikaenea kwamba Chumba Namba Nne kuna video. Mwaka 1994, Kombe la Dunia lilipokuwa likichezwa, mtunza stoo wetu (simtaji, ila Jumamosi kwenye sherehe mtamwona, ni yule mwenye miwani) aliandika barua rasmi kuomba mashine ielekezwe kwenye fainali. Mama Flora alimjibu kwa barua rasmi pia. Alimweleza kwamba mashine inaonyesha matumbo tu, na kama anapenda kuona mateke alete mjamzito wa miezi minane.

Ile jeli inayopakwa tumboni ili kichwa kishike vizuri iliisha mwaka uleule wa kwanza, na ya kuagiza ilikuwa ikichelewa miezi. Mama Flora aliingia jikoni, akachukua unga wa udaga, yaani muhogo mkavu tunaoulia ugali, akaupika uji mwepesi wenye chumvi kidogo, akauchuja mara mbili kwa kitambaa na kuuacha upoe. Picha zikatoka vilevile. Kuna akina mama wilaya nzima ambao mpaka leo wanaamini kwamba hospitalini kwetu mgonjwa hulishwa uji kupitia kitovu.

Sasa nifike kwenye ini, kwa sababu bila ini wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 1995 Daktari Marcelo Masunga alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na jambo moja kichwani. Huku kwetu saratani ya ini inaua watu wengi, tena vijana wenye nguvu za kulima, na mgonjwa akishagundulika tulikuwa tunamrudisha kwao na dawa za maumivu. Daktari alikuwa ameona kwa macho yake namna ya kuupelekea uvimbe dawa huko huko uliko. Dawa yenyewe ni spiriti safi kabisa, isiyo na tone la maji. Sindano ndefu nyembamba inapitishwa kwenye ngozi hadi katikati ya uvimbe, ultrasaundi ikionyesha njia, kisha spiriti inasukumwa polepole nayo inauchoma uvimbe kwa ndani. Ikiingia ndani ya uvimbe, inauua uvimbe. Ikimwagika pembeni, inachoma vilivyo pembeni, na pembeni ya ini kuna mfuko wa nyongo na mishipa mikubwa ya damu. Kwa hiyo kazi nzima iko kwenye kujua ncha ya sindano imefika wapi, na hapo Daktari alihitaji macho ya Mama Flora.

Walijifunza kwa ini la ng'ombe. Kila Jumamosi asubuhi Mama Flora alikwenda machinjioni, akarudi na ini zima. Alilipasua kidogo, akaficha punje ya karanga ndani, akalifunga kwa uzi na kulizamisha kwenye beseni la maji. Kisha wakaitafuta karanga kwa mashine na kuipiga sindano yenye GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Baadaye ini lilikatwa. Karanga ikiwa ya zambarau wamefaulu. Ikiwa nyeupe, wanaanza upya. Mimi nilipoajiriwa mwaka huo nilitiwa kwenye zoezi hilo, na karanga zangu zilikuwa nyeupe kwa muda mrefu wa kutia aibu.

Hapa ndipo lilipotokea lile la mpishi wetu Constantine. Jumamosi moja wageni wa bodi walikuja ghafla, nyama ikawa haitoshi. Constantine aliona ini kwenye beseni, ambalo siku hiyo lilikuwa na karanga kadhaa zilizokwisha pigwa GV, akamshukuru Mungu, akalikaanga kwa vitunguu. Wageni walilisifia sana, hasa zile karanga, wakasema huku Usukumani kweli watu wanajua kupika. Mkutano wa mchana uliendelea kwa mafanikio, wajumbe wote wakichangia hoja kwa ndimi za zambarau, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusema neno.

Mwezi wa saba mwaka 1996, msimu wa pamba ukiwa umepamba moto na malori ya wanunuzi binafsi yakigombea mizigo vijijini, aliletwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya marobota. Mama Flora alikuwa likizo fupi kwao Mwamanyili. Nilimpima mimi. Nilikuwa natafuta damu tumboni na sikuiona, nikashukuru. Lakini ndani ya ini, upande wa kulia, palikuwa na kitu cha duara kisichofanana na ini. Kilikuwa na ukubwa wa yai la kanga. Nikaipiga picha ile karatasini na kuiweka mezani.

Mama Flora aliporudi niliitoa picha bila kusema ni ya nani, kama tulivyokuwa tukifanya siku zote. Aliitazama muda mrefu. Akasema huu ni uvimbe, na si wa kawaida, na umekaa jirani na mfuko wa nyongo kuliko ambavyo angependa. Ndipo akauliza jina la mgonjwa. Nikamwambia: Masele Machibya, wa Lingeka. Aliketi. Sikuwa na habari kwamba Masele Machibya ndiye aliyemwoa Lucy, binti yake wa kwanza.

Daktari alichukua kipande kidogo kwa sindano, kikapelekwa Mwanza kuchunguzwa. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili: saratani ya ini. Masele alikuwa na miaka ishirini na tisa na watoto wawili, na Lucy alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Kumpasua hakukuwezekana kwa uwezo uliokuwepo. Lakini ini lake lililobaki lilikuwa zima na uvimbe ulikuwa mmoja, kwa hiyo ile njia ya Daktari Marcelo ilimfaa kuliko mgonjwa yeyote tuliyewahi kumwona. Angekuwa wa kwanza kwetu. Daktari angeshika sindano, Mama Flora angeshika kichwa na kusoma kioo.

Masele alikataa.

Wenzetu waliotoka mbali na ambao hawajaoa Usukumani nawaeleza kwa ufupi. Mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawatajani majina. Akimwona anakuja njiani, anakata kona na kupita porini. Sasa mtu huyo umwambie alale kitandani, afunue tumbo, na mama mkwe wake amshike mbavu. Daktari Marcelo, ambaye ni Msukuma kama sisi, alimwambia kwamba ndani ya hospitali hakuna mkwe, kuna mgonjwa na mhudumu. Masele alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Daktari, hapa nitakaa siku tano," akasema. "Lingeka nitakaa siku zilizobaki. Nitarudi kwa watu na uso gani?"

Akaomba nguo zake. Mama Flora alipoelezwa hakumlaumu hata kidogo, na hilo nililiona la ajabu kwa kuwa mimi nilimlaumu sana. Alisema kijana amelelewa vizuri, na kwamba yeye mwenyewe angeona aibu ya kufa. Kisha akaingia chumba cha giza, akafunga mlango, na tulijua analia kwa sababu siku ile hakukuwa na picha ya kusafisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu: mgonjwa anayeweza kupona, dawa ipo, mashine ipo, na mtu mmoja tu katika wilaya tatu aliyeweza kuiongoza sindano ile, ambaye hakuruhusiwa kumwona. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa karanga nyeupe. Daktari alisema wazi kwamba kwa macho yangu hatathubutu.

Aliyetuokoa ni Lucy. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya Chumba Namba Nne, mtoto mgongoni, akisubiri kumsindikiza mumewe nyumbani. Alituambia, kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa, kwamba Mama akiwatembelea Lingeka wao hutundika kitenge katikati ya nyumba. Mama anakaa upande mmoja, Masele upande mwingine, na wanazungumza habari za ng'ombe na mvua kupitia kwake.

Tulishona pamoja shuka mbili nzito za chumba cha upasuaji, tukazitundika. Kitanda upande huu, mashine na kioo chake upande ule, waya ukipita chini ya pazia. Mama Flora angekaa na kioo. Mimi ningeshika kichwa juu ya tumbo la Masele, bila kuona picha, nikifuata maneno yake. Daktari angepitisha sindano, naye bila kuona picha, akifuata maneno hayohayo. Daktari alisema huo ni wazimu. Mama Flora hakubishana. Alitoka akaenda machinjioni, ingawa ilikuwa Alhamisi, akarudi na maini matatu. Tulifanya mara tatu tukiwa na pazia katikati. Karanga zote tatu zilitoka zambarau, na Daktari akazitia mfukoni kwa mkono wake.

Masele alipoelezwa habari ya pazia aliuliza swali moja tu, kama kivuli kitaonekana. Tulimwambia hapana. Akakubali.

Jumanne tarehe 13 Agosti 1996, saa nne asubuhi, jenereta likiwa linanguruma, tulianza. Masele alilala akitazama dari. Kwa heshima, Mama Flora hakumsemesha. Kila neno lililomhusu mgonjwa alinipa mimi nimfikishie, ijapokuwa mgonjwa mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka kwake na alilisikia kabla yangu. Alisema mwambie avute pumzi nusu aishike, nikamwambia avute pumzi nusu aishike. Hakuna aliyefikiria kwamba mzunguko ule una hatari. Sisi wote tulikuwa tumelelewa hivyo, tukaona ndivyo inavyotakiwa.

Pumzi ni jambo kubwa katika kazi hii. Ini hushuka mtu akivuta pumzi na hupanda akiitoa. Sindano ikiwa imeshazama, pumzi kubwa ya ghafla inaweza kulivuta ini mpaka lijichane kwenye ncha. Mama Flora aliniongoza: kushoto kidogo, lalia chini, tulia. Alimwongoza Daktari: ingia, ingia, bado. Maneno yakaenda na kurudi, na Masele, ambaye kwa heshima hakulifuata neno la mkwe mpaka limfikie kupitia kwangu, alikuwa ameishika pumzi ileile muda wote. Niliona kifua kikianza kutetemeka. Mama Flora aliona ini likianza kuteleza kwenye kioo, mfuko wa nyongo ukiisogelea ncha. Hapakuwa na nafasi ya kuniambia mimi.

"Masele, usipumue."

Alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mama wa nyumbani. Sindano mkononi mwa Daktari haikutikisika. Masele alikaza meno, machozi yakamtoka pembeni ya macho, na kifua kikatulia kama kimepigwa msumari. Mama Flora akaendelea, akimwita na Daktari kwa jina tupu, rudi nyuma nusu kidole, Marcelo, hapo, sasa. Daktari akasukuma. Upande wetu hatukuona kitu. Yeye ndiye aliyetusimulia kwamba dawa inaingia, inatanda nyeupe ndani ya uvimbe kama maziwa kwenye chai ya rangi, na haijatoka nje ya mpaka.

Sindano ilipotolewa Masele aliruhusiwa kupumua, akapumua.  Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie nimesikia."

Nikamwambia. Alikuwa amesikia.

Jumapili iliyofuata Mama Flora alipanda gari hadi Meatu, akaenda Lingeka na mbuzi jike mweupe, kuomba radhi kwa kumtaja mkwe kwa jina. Tulijaribu kumzuia, tukimwambia jina lile ndilo lililomwokoa. Alisema hayo ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake. Mzee Machibya, baba yake Masele, ni mtu wa mila hasa, na kabla ya hapo alikuwa amemchinjia mwanawe kuku kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, ili yasomwe matumbo ya kuku huyo. Nasikia alimpokea kwa heshima yote, na akatamka kwamba hata mfumu hawezi kuona ndani mpaka achinje, lakini mkwe huyu anaona na kuku anabaki hai. Kuhusu kosa alisema kosa lipo, na mbuzi kampokea. Ila mbuzi huyo hatachinjwa, atazaa. Kizazi chake kipo Lingeka mpaka leo, na nimehakikishiwa kwamba ni wakorofi.

Tulibaki na sindano tano, na hatukutaka mbuzi wengine watano. Mama Flora alikuja na kijiko cha chakula. Akigonga mara moja kwenye chuma cha mashine, shika pumzi. Akigonga mara mbili, pumua. Kijiko si mtu, hakina ukoo, na kinaweza kumsemesha mkwe yeyote. Masele alimaliza sindano zote sita bila Mama Flora kumtamkia neno jingine, na Desemba ile alilima.

Kijiko hicho hakikuishia kwa Masele. Tuligundua kwamba bibi kizee asiyejua Kiswahili anakielewa, kiziwi akiwekewa mkono kwenye chuma anakielewa, na mtu aliyepagawa kwa hofu anakielewa kuliko hotuba. Na pazia likawa shule. Wanafunzi wote wanane wa Mama Flora, mimi nikiwa wa kwanza, tumejifunza tukiwa upande wa kitanda, bila kioo, tukiamini sauti yake mpaka mkono ukajua wenyewe. Ukikosea hakupigii kelele. Anasema "karanga nyeupe", basi, na utaibeba siku nzima.

Tangu wakati huo wagonjwa kumi na saba wamepata dawa kwa njia hii. Saba bado wako hai. Sitaki kuipamba habari hii kuliko ilivyo: walio wengi zaidi hutufikia uvimbe ukiwa umeshajaa ini zima, na kwao sindano haisaidii. Hao Mama Flora aliwaambia yeye mwenyewe, kwa Kisukuma, akiwa ameketi, na hakuwahi kumsukumia muuguzi kazi hiyo. Baadhi yao walimshukuru. "Wabeja, mayu," walisema, asante mama, wakainuka na kwenda nyumbani. Na katika kila nyumba aliyofika kuwapa pole wafiwa aliomba kuonyeshwa ghala, akachagua karanga na mahindi yaliyoota ukungu na kuyamwaga kwenye shimo, akieleza kwamba ukungu ule ni rafiki wa ugonjwa huu. Kuna watu Binza na Mwamanyili wanaoanika karanga zao vizuri kwa kumwogopa yeye tu.

Mimi binafsi nina deni la shukrani ambalo wasifu hauwezi kulibeba. Nilipofika kwake nilikuwa na cheti na maringo. Alinipokea, akanicheka, akanilisha, akanifundisha kusema "sijui" mbele ya picha nisiyoielewa. Nampenda kama mama yangu, na kwa kuwa sikumwoa binti yake, naweza kulisema hili hadharani.

Baada ya kukabidhi funguo, Mama Flora anahamia Mwamanyili kwenye ekari zake mbili za mpunga. Amekataa zawadi ya kiti cha kujinyoosha, akisema wanaonunuliwa viti hivyo hufa mapema. Tumemnunulia plau.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Jumamosi tarehe 28 Juni kwenye uwanja wa hospitali, kuanzia saa tano asubuhi. Nawaomba wahudumu wa mapokezi na mshereheshaji wasome aya hii mara mbili. Mwezi wa nne nilimpima Masele Machibya kama ninavyompima kila mwaka, na pale palipokuwa na yai la kanga pana kovu dogo tu, lilelile la miaka yote saba. Ametuma salamu kwamba atakuja, pamoja na Lucy na watoto wanne. Atakaa safu ya mwisho, na kiti chake kitageuzwa: ataipa mgongo meza kuu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa sherehe, hotuba, keki na yote. Ameniomba niwaambie kwamba hana ugomvi na mtu. Tafadhali asije mtu mwema akamgusa bega na kumwambia ageuke. Atakuwa ametoka Lingeka, mwendo wa saa nne, ili akae vile, na hana namna nyingine ya kumwambia mama mkwe wake asante.

Mama Flora, ukitazama juu ya vichwa vyetu siku hiyo utauona mgongo wake. Sisi tulioruhusiwa kukutazama usoni tunakushukuru kwa niaba yake pia, na tunakuombea maisha marefu na mema huko uendako.